Mstari wa Mtondooni

Mabawa, Tanga
9 Mei 1994

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimewapakulia sahani moja. Mimi mzima, shangazi mzima, mgonjwa ni umeme tu. Unakuja na kuondoka upendavyo.

Baba, kazi sasa nimeipata kweli, si ile ya kupiga chapa niliyokuandikia mwanzo. Bwana Laurenti, mratibu wa huu mradi wa mahudhurio ya shule, amenitoa kwenye taipureta akanikalisha kwenye kompyuta. Anayenifundisha ni Shabnam, binti wa mzee Nurmohamed mwenye duka la madaftari Ngamiani. Yeye alisomea kazi hii Dar es Salaam. Hana maringo, ila ukikosea anacheka kwanza ndipo anakuelekeza.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana najua utauliza. Kwenye kioo kuna jedwali, visanduku vitupu mpaka macho yachoke. Unaandika majina ya shule ubavuni na majuma juu, halafu unajaza idadi ya watoto waliohudhuria katika kila mia. Ukimaliza unavipaka kivuli visanduku vyote, unabonyeza, na zile tarakimu zinageuka picha. Ukitaka nguzo, zinasimama nguzo. Ukitaka mstari, unatoka mstari unaopanda na kushuka. Wanaiita chati. Na ukirudi kwenye jedwali ukabadilisha tarakimu moja tu, mstari nao unajisogeza wenyewe. Mara ya kwanza kuliona hilo nilirudisha mkono nyuma. Shabnam akaniambia haing'ati.

Mwezi ujao kuna semina. Watakuja wakubwa wa elimu na wafadhili kutoka nje, na chati za shule zote za pwani zitamulikwa ukutani. Nitakayezichora ni mimi. Nakuomba basi fomu za Mtondooni zije mapema, nisione haya kusema shule ya nyumbani ndiyo iliyochelewa.

La mwisho, na usinielewe vibaya. Ukiniandikia, barua itie posta. Usimpe Msafiri. Juzi aliniletea salamu zenu, akaingia na baiskeli mpaka barazani kwa ofisi, tenga la samaki linatiririka nyuma, anaita jina langu kama yuko mnadani. Watu wa hapa hawajazoea mambo hayo.

Mwanao akupendaye,
Thuwaiba


Shule ya Msingi Mtondooni
Kupitia Kigombe, Muheza
20 Mei 1994

Kwa binti yangu Thuwaiba,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nimeamrishwa niandike marahaba ya mama yako mbali na yangu, nayo ni hii: marahaba. Ati anauliza kama siku hizi unakula.

Barua nimeitia posta kama ulivyoagiza, yaani nimempa dereva wa lori la mkonge akaitie Muheza, ndipo irudi Tanga ilikokuwa ingefika siku ileile kwa baiskeli. Msafiri nimemwambia ofisini kwenu yupo mtu anayepiga chafya akisikia samaki. Akasema basi huko hakuna watu.

Barua yako ya kompyuta nimewasomea walimu wenzangu. Mwalimu Methusela, kijana aliyeletwa kutoka Upareni, anasema aliiona moja chuoni kwao, ila ilikuwa imefunikwa kitambaa. Huyu Methusela bado hajatujua. Majuzi kaja ofisini kwangu amehamaki, darasa lake lina watoto wachache mno, anauliza kuna ugonjwa gani. Nikamwambia akautazame mwezi.

Sasa la kazi. Fomu zenu zina siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi haimo. Wewe umekulia hapa, sina haja ya kukufundisha. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa asubuhi na mwamba ukakauka, mama zao wanawachukua wakatafute pweza, na hata nikisimama njiani na fimbo nitabaki na watoto wa mwenye duka na wa imamu. Siku hizi ndiyo zaidi, tangu biashara ilipofunguliwa na magari ya barafu yakaanza kuja kununua pweza papo hapo ufukweni. Ndiyo maana tangu nilipopewa shule hii nina mapatano na wazazi: kila bamvua wanachukua siku zao mbili, na Jumamosi zote zinakuwa zangu. Na Jumamosi wanakuja wote, hata mwenye mafua. Sijapata kudhulumiwa.

Kwenye fomu nimeandika tarakimu za kweli. Siku za bamvua nimeandika hao wachache waliokuja. Ningeweza kuwajaza wote na nani angejua, lakini sikukulea hivyo na siwezi kuanza leo. Jumamosi nimeziandika kwenye karatasi ya peke yake, nimeibana nyuma. Wewe utajua pa kuziweka. Miaka yote nimekuwa nikijaza karatasi za watu nisiowajua. Safari hii nina mtu wangu ndani ya mashine, na moyo wangu umetulia.

Baba yako,
Yakoub Khatib


Mabawa, Tanga
14 Juni 1994

Kwa Baba,

Shikamoo, wewe na Mama. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Kazi zilinizidi.

Semina imepita salama. Chati zilipendeza. Mgeni mmoja aliomba nakala akawaonyeshe wenzake kwao, na Bwana Laurenti amesema mkataba wangu utaongezwa mwaka mwingine. Shangazi amefurahi, amepika pilau.

Fomu zenu zilifika. Karatasi ya nyuma pia niliiona. Mambo ya ofisi yana utaratibu wake, Baba, nitakueleza siku nikija. Kuja kwenyewe sasa hivi hakuwezekani.

Nimemkabidhi utingo wa basi la Pangani kifurushi chenu. Kanga ni za Mama. Miwani ni yako, maana najua unasoma kwa kusogeza karatasi mbali mpaka mkono unakwisha. Shabnam ndiye aliyenisaidia kuichagua.

Mwanao,
Thuwaiba


Mtondooni
8 Julai 1994

Kwa binti yangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika. Mama yako kajifunga kanga moja, kaifungia nyingine sandukuni. Miwani imenikaa kuliko nilivyotegemea, na nataka nikueleze kitu cha kwanza nilichokisoma nayo.

Jumatatu alikuja mkaguzi kwa pikipiki. Hakukaa, hakunywa hata maji. Alitoa karatasi kubwa akaibandika kwenye mlango wa ofisi yangu, kwa gundi. Nikaisogelea na miwani yangu mipya. Nikaona mistari ya shule inakwenda taratibu kama watu wanaotoka msikitini, na chini yake mmoja wenye meno kama msumeno. Nikamwambia mkaguzi, mchoro huu msafi, nani kauchora? Akasema kuna binti mmoja hodari pale kwenye mradi. Thuwaiba, nilifurahi. Nakwambia kweli ili ujue nilivyo mjinga. Nilifurahi kabla sijasoma jina la shule lililoandikwa kwenye ule msumeno.

Ndipo nikatazama ubavuni. Tarakimu zinaanzia hamsini. Chini ya hamsini hakuna kitu. Kwa hiyo majuma ya bamvua, wastani ulipokuwa watoto hamsini na wawili katika kila mia, mstari wetu umegusa sakafu, na asiyejua atadhani madarasa yalikuwa matupu. Walimu walikuja kutazama, na watoto wa darasa la saba nyuma yao. Hao wanajua kusoma grafu, nimewafundisha mwenyewe. Mmoja akauliza, Mwalimu, mbona sisi ndio wa chini? Nikamwambia arudi darasani. Sikumbuki kumfukuza mtoto kwa swali zuri kabla ya siku ile.

Mkaguzi anasema kule semina tuliitwa Shule ya Msumeno, na watu walicheka sana. Nimeitwa mbele ya kamati ya mradi, wakubwa wa elimu wakiwemo, tarehe 28 nikajieleze kwa nini nisivuliwe ukuu wa shule kwa uzembe. Sikumwambia wewe ni nani. Kwao mimi ni Mwalimu Khatib na wewe ni Thuwaiba Yakoub, hawajatuunganisha, na sitaki waseme nimejificha nyuma ya mwanangu.

Nina swali moja tu. Jumamosi zangu hazimo kwenye ule mchoro. Ama uliwaeleza wakakataa, ama. Hiyo ama ya pili sina la kuandika mbele yake. Najua uliwaeleza wakakataa. Niandikie tu wewe mwenyewe kwamba ndivyo, ili nikisimama mbele yao nijue nimesimama juu ya nini.

Baba yako,
Yakoub Khatib


Mabawa, Tanga
12 Julai 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na imenihuzunisha sana.

Ndivyo, Baba. Niliwaeleza wakakataa. Walisema fomu ni ya siku tano na haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya shule moja. Ile hamsini ya ubavuni aliitaka Bwana Laurenti. Alisema mistari ikianzia sifuri yote inalingana na wageni hawataona tofauti.

Nakuomba usije. Andika barua ya kuomba radhi, useme utarekebisha, watasahau. Hawa wana shule nyingi na mambo mengi. Ukija utajichosha bure. Na kama lazima uje, nakuomba jina langu usilitaje.

Thuwaiba


Mtondooni
2 Agosti 1994

Thuwaiba,

Nilifika nyumbani salama kutoka Tanga. Mama yako aliuliza kama nilikuona, nikamwambia nilikuona, umenenepa kidogo.

Barua ya kunivua ukuu wa shule imekuja jana. Hawakuandika uzembe. Wameandika kwamba nilisema uongo mbele ya kamati. Mwalimu Methusela ndiye atakayeshika. Alikuja nyumbani, chai ikapoa hajainywa, nami nikamkabidhi funguo ili aondoke. Mimi nitafundisha darasa la tatu.

Usitume kitu.

Y. Khatib


Mabawa, Tanga
19 Agosti 1994

Kwa Baba,

Sijui kama bado nina ruhusa ya kukuamkia. Shikamoo.

Sitazunguka. Sikuwaeleza. Hawakukataa, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Nilikudanganya, ukaenda kusimama juu ya uongo wangu, nao ukakuangusha mbele ya macho yangu.

Nataka ujue ilivyokuwa. Si kwamba utaona nafuu, ila sitaki kukuficha kingine. Karatasi yako ilipofika niliifanyia kazi. Shabnam alipoondoka niliongeza safu ya sita kwenye jedwali, nikaingiza Jumamosi zote, nikakusanya kwa majuma mawili mawili, bamvua kwa bamvua, kama wewe unavyohesabu. Mstari wa Mtondooni ukanyooka. Ulikuwa juu ya shule zote za mjini isipokuwa moja. Niliutazama nikacheka peke yangu kwa furaha. Halafu nikaanza kuyafikiri maswali. Wangeniuliza kwa nini majuma mawili, ningesema bamvua. Wangeuliza bamvua linahusu nini shule, ningesema pweza. Wangeuliza, wewe umejuaje?

Baba, hapa watu wanadhani mimi ni mtu wa mjini. Mimi sikusema hivyo. Wao walisema, nami sikukataa, na kadiri siku zilivyokwenda ikawa vigumu zaidi kukataa. Lile kovu langu la mguuni, la mwambani, Shabnam aliwahi kuliuliza nikamwambia nilikanyaga chupa. Sasa nianze kuwaambia kwamba bamvua nilikuwa natoroka darasa la baba yangu mwenyewe, na fimbo ya pweza mkononi na ndoo kichwani? Nikaizima mashine bila kuhifadhi. Asubuhi nikachora ya siku tano. Ule mstari mzuri nimeuona mimi peke yangu.

Kwenye semina Bwana Laurenti alipouita msumeno, wakacheka. Nami nilicheka. Shabnam aliniuliza pembeni, kwa nini shule hii inashuka hivi kila baada ya muda uleule, hapa pana sababu. Nikamwambia labda walimu wavivu. Nilisema hivyo, Baba, kwa mdomo wangu huu.

Halafu ukaja tarehe 28 na koti lako la Idi. Nilikuwa mezani kwenye mashine, nikakuamkia shikamoo mzee, kama ninavyomwamkia mlinzi wa getini, ukajibu marahaba binti. Ukawaambia ofisi hii ilikwisha elezwa habari ya Jumamosi, kwa mdomo na kwa karatasi. Bwana Laurenti akauliza ilielezwa na nani. Ukasema huyo hutamtaja. Akauliza, una mtu wako humu ndani? Ukasema huna. Ndipo akanigeukia mimi, wewe ndiye uliyeingiza tarakimu, kuna karatasi yoyote ya Jumamosi uliyoipata? Nikasema sikuipata. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, na magoti yangu yalikuwa yanaugusa.

Hukunitazama. Ningependa ungenitazama, hata kwa hasira. Ulinilinda ukakubali kuitwa mwongo, na mimi nilikaa palepale nikaendelea kubonyeza kama mtu mwenye kazi nyingi. Wamesema mkataa kwao mtumwa. Nilikuwa naiona methali ya kuandikwa kwenye madaftari ya shule. Sasa nikipakuliwa chakula na shangazi naona aibu kunawa nikala.

Jana nilikwenda kwa Bwana Laurenti. Nilimpa karatasi yako, na chati nyingine niliyoichora upya, inayoanzia sifuri. Shabnam alisimama karibu yangu muda wote, ingawa naye nilimdanganya. Nimeandika tamko nikalitia sahihi: kwamba Mwalimu Khatib alisema alichoambiwa na mimi, na aliyedanganya pande zote mbili ni mimi, Thuwaiba Yakoub. Bwana Laurenti nilimwambia kwa mdomo kwamba wewe ni baba yangu. Kwenye karatasi sikuliandika. Tamko litakuja kusomwa mbele ya kamati ya shule, watu wote wakisikia, na sikuona kama nina haki ya kukubebesha hilo. Ukitaka kulisema utalisema mwenyewe. Ukitaka kuninyamazia, ni haki yako.

Bwana Laurenti hakunigombeza. Aliitazama ile chati, akasema, "Ungeniambia tu. Ningekwambia uongeze safu." Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Mkataba wangu hautaongezwa. Sikuombi msamaha kwa sababu naona haya kuuomba.

Thuwaiba


Mtondooni
25 Septemba 1994

Kwa Thuwaiba,

Marahaba.

Barua yako niliisoma siku ilipofika, nikashindwa kuijibu. Mama yako hajui kusoma karatasi, lakini mimi ananisoma. Alipochoka kuniuliza nikamsomea yote, tangu shikamoo mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Kumbe kaona haya kwa pweza. Na huyo pweza ndo alomsomesha." Kesho yake nilimkuta kaivaa ile kanga ya sandukuni.

Tamko lako lilisomwa Alhamisi. Ukumbi ni lile darasa kubwa, na wazazi walijaa hata madirishani, maana huku habari hazihitaji posta. Alilisoma mratibu wa elimu wa kata, mgeni hapa, kwa sauti kubwa kama anayesoma matokeo ya mpira. Ukuu wa shule sikurudishiwa. Wanasema nafasi imekwisha pata mtu na mimi kustaafu kwangu kumekaribia. Neno uongo ndilo walilolifuta. Methusela anaendelea na Jumamosi, na ameomba fomu zenye siku sita. Karatasi ya mlangoni ameibandua kwa kisu, imebaki alama.

Nilidhani siku jina langu litakaposafishwa nitalala vizuri. Nililala vibaya. Wamelisafisha langu kwa kulichafua lako, na lako nusu yake ni langu.

Sasa nikwambie jambo ambalo nisingeliandika kama usingeniandikia yako. Umesema nilikulinda niliposema sina mtu mle ofisini. Mwezi mzima nimekuacha uamini hivyo kwa sababu ni sifa nzuri, na mzee anapenda sifa. Si kweli. Nilipotaja Jumamosi nilisikia mashine yako imenyamaza. Wengine wote walinitazama mimi, lakini mimi nilikuwa nasikiliza ile mashine, na ilipoanza tena kubonyezwa, polepole, nilijua hukuwaeleza. Nilijua kabla hujaulizwa habari ya karatasi. Na yule bwana aliponiuliza kama nina mtu wangu mle ndani, nilitazama ukuta nikaona aibu kwamba wewe ni wangu. Nikasema sina. Sikuwa nakusitiri. Nilisema sina kwa sababu saa ile sikutaka niwe naye. Wewe ulikataa kwenu na mimi nikamkataa mwanangu, katika chumba kimoja, na wote wawili tulikuwa tumekaa vizuri kwenye viti. Kwa hiyo usinililie mimi kama mtu aliyedhulumiwa peke yake. Tangu siku ile nikisimama mbele ya watoto wa darasa la tatu nawaambia waseme kweli, sauti yangu inanitoka vibaya.

Njoo nyumbani. Kazi ikiisha kaa siku utakazo, mama yako anakungoja, na mimi nakungoja, ingawa sijui tutaanza kuzungumza nini.

Lakini ngoja nikumalizie ya Alhamisi. Yule mratibu alipomaliza kusoma alikunja karatasi, akauliza, "Huyu binti Thuwaiba Yakoub ni nani? Alikuwa na ubaya gani na mwalimu wenu?" Hakuna asiyekujua mle ndani. Mwenyekiti ndiye aliyekuadhinia sikioni siku ulipozaliwa. Mama Mwanasiti alikunyonyesha mama yako alipougua. Wote waliinamisha vichwa, Methusela naye akainamisha. Walikuwa wananisitiri. Wangenisitiri mpaka yule mtu apande pikipiki yake aende zake, na nisingeulizwa tena na yeyote hapa Mtondooni mpaka nife.

Nikasimama. Nikamwambia ni mwanangu, wa kumzaa, na hana ubaya nami. Kisha nikakaa.

Baba yako,
Yakoub Khatib